Hawakimbii Baridi, Jamani

Naandika hili ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu na kuendelea na kazi. Ndege wawindaji wanaotufikia Tanzania kutoka kaskazini kati ya Septemba na Desemba hawakimbii baridi. Nimeyasikia hayo kwa walimu, nimeyasikia redioni, nimeyasikia kwa madereva wetu wenyewe wa safari za kutazama ndege wakiwasimulia wageni kabla sijafungua mdomo. Wiki iliyopita nimeyasikia kwa dada anayeratibu safari ya ofisi yao kwenda Mikumi: "Kaka, si tuwahi mwanzoni mwa Septemba kabla ya mvua? Wanakuwa wameshaikimbia baridi kwao, au siyo?"

Siyo, dada yangu. Na jambo hili ndilo linaloamua kama kikundi chako kitawaona au kitarudi Ubungo na picha za swala peke yake.

Chukua Desemba ya Dar es Salaam. Ile ya shati kulowa kabla hujafika kituo cha daladala. Kama kozi wa Amur anatafuta joto, basi angetua Kigamboni na safari ingekuwa imekwisha. Hatui. Mwishoni mwa Novemba na Desemba anatupita, anaendelea hadi Botswana na Afrika Kusini. Ametokea mashariki ya mbali ya Urusi, Mongolia na kaskazini mwa China, akapumzika kaskazini-mashariki mwa India, kisha akavuka zaidi ya kilomita 3,000 za bahari bila pa kutua. Uzito wake ni kama gramu 150. Kiumbe wa gramu 150 haongezi maelfu ya kilomita juu ya joto alilokwisha kulipata.

Au mchukue Falco concolor, yule kozi wa rangi ya masizi. Huyu anazaliana jangwani, kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu na pwani za Arabuni, tena katika miezi ya joto kali kuliko yote. Akimaliza kulea, anakwenda Madagaska. Amekimbia baridi gani? Kozi wa Eleonora naye anaondoka visiwa vya Mediteranea mwezi Oktoba, wakati watu bado wanaogelea. Upande wa pili, tai wa dhahabu wapo wanaobaki mwaka mzima kwenye nchi za theluji, na kipanga mkubwa wa misitu ya Finland vivyo hivyo. Manyoya ya ndege mkubwa yanaihimili baridi vizuri sana. Asichoweza kuhimili ni kukosa cha kula.

Nikifika hapo watu hunirukia: "Aaa, kumbe wanakimbia njaa!" Na hapa ndipo subira yangu inapokwisha kabisa, kwa sababu jibu hili linafanana na ukweli kiasi kwamba mtu akishalipata haulizi tena.

Ndege anayehama haondoki na njaa. Anaondoka ameshiba, amenenepa, amejaza mafuta chini ya ngozi. Pernis apivorus, yule anayefukua viota vya nyigu, anapita kwa wingi Batumi, nchini Georgia, mwishoni mwa Agosti, wakati nyigu wamejaa tele nyuma yake. Angesubiri njaa imsukume, angekuwa amechelewa: hana mafuta ya safari, na njia nzima mbele yake wengine wamekwisha kuila. Kinachomwamsha ni urefu wa mchana. Mwanga unapopungua, mwili unabadilika, hamu ya kula inaongezeka, miguu inakosa utulivu. Ndege wadogo wahamaji waliofungiwa ndani, kwenye joto lile lile na chakula kisichokwisha, bado walihangaika usiku msimu wao ulipofika. Hakuna baridi iliyowagusa wala njaa.

Kwa hiyo chakula ni sababu ya hamahama kwa maana ya vizazi: waliongoja waliacha watoto wachache, walioondoka mapema waliacha wengi, na sisi leo tunawaona wajukuu wa walioondoka mapema. Kwa ndege huyu mmoja aliye juu ya kichwa chako, sababu ni mwanga na mwili alioumbwa nao. Ni mambo mawili tofauti na nawaomba sana msiyachanganye mbele ya watoto.

Nikubali kitu kimoja: baridi inahusika, lakini kwa mlango wa nyuma. Theluji inawafunika panya, ardhi inaganda, wadudu wanapotea. Shakivale wa Ulaya ni mfano mzuri. Wale wa Uingereza wengi wao hawaendi popote, maana ardhi yao haigandi kwa miezi na minyoo inapatikana. Jamaa zao wa Urusi, spishi ile ile, wanashuka hadi Afrika Kusini. Ndege ni mmoja, tofauti ni meza.

Sasa tuje kwetu, maana faida ya maneno yote hayo iko hapa. Kama wanafuata chakula, chakula chenyewe ni kipi na kiko wapi? Wengi wanawaza nyama: sungura, kanga, vifaranga vya mama fulani. Jibu kwa sehemu kubwa ni kumbikumbi. Ndiyo, hao hao wanaozunguka taa ya barazani baada ya mvua ya kwanza na asubuhi unafagia mbawa. Mvua za vuli zikilowesha ardhi, vichuguu vinafunguka na kumbikumbi wanatoka kwa wingi usiosemeka. Ukanda wa mvua unashuka kusini pamoja na jua, kutoka kwetu Oktoba na Novemba hadi chini kabisa Desemba na Januari, na kozi wanashuka nao. Wanafuata mvua. Mtu anayeniomba nimpeleke "kabla ya mvua" ananiomba nimpeleke kabla ya ndege.

Na kuja kwenyewe kuna akili ya pwani. Kozi wa Amur wanavuka kutoka India Novemba, upepo wa kaskazi unapoanza kushika, kama majahazi yalivyofanya kwa karne nyingi. Aprili na Mei, kusi inapoanza, wanageuka. Kereng'ende mmoja, Pantala flavescens, naye huvuka bahari hiyo hiyo kutoka upande wa India katika majira hayo hayo, na wapo wataalamu wanaoamini kozi wanawala njiani wakiwa juu ya maji. Vitabu vya watalii huliandika hilo kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mimi nalipenda sana wazo hilo, naliona lina mantiki, lakini kwenye safari zangu nalitaja kama dhana, kwa sababu huko katikati ya bahari hakuna aliyesimama na darubini kuhesabu matonge.

Nikueleze siku nzuri ilivyo. Tuko kwenye miinuko ya Pugu, upande wa Kisarawe. Saa nane mchana wingu limeshikana upande wa bara, kijivu kizito, na upepo umegeuka ghafla ukawa na harufu ya udongo. Hapo ndipo watu huanza kukusanya vikapu wakimwita dereva awashe Coaster. Kaa! Mbele ya wingu, kwenye ule ukingo wake, wanatokea. Kwanza mmoja, halafu ishirini, halafu huhesabu tena. Wengi ni kozi wa Amur, ndani yao kuna kozi wa Eleonora mwenye mabawa marefu kuliko wote, na ukibahatika yule wa masizi. Kozi anamdaka kumbikumbi kwa mguu, anauinua mguu mbele, anainamisha kichwa na kula huku anaruka, hakatishi mwendo. Mbawa za kumbikumbi anaziachia. Zinashuka taratibu na kukuangukia kwenye kofia, kwenye daftari, kwenye kikombe cha chai. Kuna mama mmoja alizikusanya kwenye leso, nami nikamwelewa kabisa.

Halafu kuna tai wa nyika, Aquila nipalensis, wa kutoka nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia. Mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita 2. Watu wanamtegemea aue kitu kikubwa. Kwenye tambarare za Mkata, Mikumi, baada ya mvua, utamkuta chini, anatembea kwa miguu kuzunguka kichuguu, anaokota kumbikumbi mmoja mmoja. Mwangalie mdomo: ule ukingo wa njano umekwenda nyuma hadi umepita katikati ya jicho. Hiyo ndiyo alama ninayoitumia kumtofautisha na tai wengine wa kahawia akiwa karibu. Akiwa mbali, juu, jua nyuma yake, alama hiyo haipo. Kuna siku naandika "tai wa kahawia, mhamaji, basi", na mgeni aliyelipa anakasirika kwa sababu kitabu chake kina michoro sita safi kabisa. Michoro ile haina joto linalotetemesha hewa wala manyoya yaliyochakaa kwa safari ndefu. Wale wembamba wanaoruka chinichini juu ya majani, Circus macrourus na Circus pygargus, majike na makinda yao ndio wananitesa zaidi. Anayewataja kwa jina wote bila kusita, mwulize ameona nini hasa shingoni.

Haraka haraka kuhusu muda. Tai na shakivale wanapanda kwa hewa moto inayoinuka kutoka ardhini. Wanazunguka ndani yake bila kupiga mabawa, wakifika juu wanateleza hadi kwenye nyingine. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi hawako angani, na hakuna haja ya kumwamsha mtu saa tisa usiku kwa ajili yao. Saa tatu na nusu kwenda juu panatosha. Baharini hewa hiyo ni dhaifu, ndiyo maana wanavuka penye wembamba: Bosphorus, Suez, Bab el-Mandeb ambako ni kama kilomita 30 tu. Ndiyo maana pia usiende kuwangoja kundi la tai wa nyika ufukweni Kunduchi. Kozi wanapiga mabawa, wao bahari haiwatishi, nao utawaona hata juu ya Unguja. Na wale wanaozunguka juu ya paa lako Mbagala kila siku wakizomewa na kunguru ni mwewe, hawana mzoga wowote wala msiba wanaoutangaza.

Jambo jingine linaloharibu safari za vikundi ni video za Batumi. Kule zaidi ya ndege wawindaji milioni moja hupita kila msimu huo, kwa sababu Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi vinawabana kwenye njia moja. Watu wanaziona, wanakuja kwangu wakitaka mto wa tai juu ya Morogoro. Wakishafika huku hakuna cha kuwabana. Wameachiwa bara zima, wanatawanyika, wanafuata wingu hili leo na lile kesho. Unaweza kukaa siku nzima na shakivale wawili, kesho yake ukakuta anga limejaa. Mwaka 2023, vuli iliponyesha kupita kiasi kwa El Niño, niliona kama wamesambaa mno. Nashuku chakula kilikuwa kila mahali kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kujikusanya. Siwezi kuapa.

Ukielewa kwamba wamekuja kula, utaelewa pia kinachowaua. Tai wa nyika ametangazwa kuwa hatarini kutoweka tangu 2015. Huku kwetu yeye na wenzake hukusanyika kwenye makoloni ya kwelea kwelea wakila makinda. Kwelea hao hao wananyunyiziwa sumu ya fenthioni kutoka kwenye eropleni, kwa sababu wanamaliza mpunga na mtama wa mkulima, na mkulima ana haki ya kulia. Tai anayeokota kwelea anayegaagaa chini anaimeza sumu hiyo. Kila nikisikia "wageni waliokimbia baridi" nafikiria hili, maana mgeni wa namna hiyo ni kama hatuna deni naye. Ndege hawa mashamba yetu ndiyo ghala lao la nusu mwaka. Kule Pangti, jimbo la Nagaland, India, mwaka 2012 wanakijiji walikuwa wakiwanasa kozi wa Amur kwa makumi ya maelfu kwa nyavu ili wawauze. Mwaka uliofuata waliacha, wakawa walinzi wao. Kwa hiyo tusiambiane haiwezekani.

Basi, dada wa ofisi na wengine mnaopanga: wiki ya mwisho ya Novemba au ya kwanza ya Desemba. Siku ya kwanza Pugu, mchana, si alfajiri. Kisha treni ya SGR hadi Morogoro, gari litupokee, usiku mbili karibu na lango la Mikumi. Darubini ya 8x42, yaani ya kuvuta mara nane, inatosha, ya kuvuta zaidi inatetemeka mkononi. Koti la mvua, mfuko wa nailoni wa simu, viatu visivyoogopa tope. Nguo nyeupe ziacheni nyumbani. Utabiri ukisema mvua kubwa Morogoro msinipigie kuahirisha. Nipigieni kuuliza kama tunaweza kuondoka mapema.