Jamvi la Dodoma hukauka kabla halijakomaa

Nyufa nyembamba za jamvi, yaani zege la sakafu, zile zinazotokea siku hiyohiyo lilipomwagwa, mara nyingi hulaumiwa saruji. Kwa Dodoma mimi naanza kuuliza mambo mawili: zege lilitiwa maji kiasi gani, na upepo ulivuma saa ngapi.

Mfuko mmoja wa kilo 50 unataka lita 25 hadi 27 za maji, yaani ndoo ya lita 20 na robo ya pili, na upunguze kama mchanga una unyevu. Kibarua wa saidia fundi akitia ndoo mbili ili beleshi lisimchoshe, zege linateleza vizuri, lakini maji ya ziada yakishatoka yanaacha vitundu na nguvu inashuka. Fumbata zege mkononi: likishika umbo bila kuchuruzika maji, endelea.

Kiangazi, jua la saa sita na upepo mkavu hunyonya maji ya juu haraka kuliko yanavyopanda kutoka chini. Ngozi inasinyaa, zege la chini bado laini, basi juu panapasuka. Anza saa 12 asubuhi. Kifusi kilowe tangu jana yake, kama hukutandika nailoni. Ufa ukionekana zege likiwa bado bichi, lisugue upya kwa mwiko wa mbao, ufa unafunga. Baada ya saa chache umechelewa.

Kosa jingine ni kunyunyiza saruji kavu juu ya maji yaliyopanda ili niru, ile saruji laini ya kumalizia sakafu, ishike mapema. Miezi michache baadaye sakafu inabanduka kama maganda ya kitunguu. Ukiigonga kwa sarafu inalia tupu.

Kumwagilia jamvi ili likomae ndiko kunakobaniwa, kwa sababu maji ni ya boza, lori la maji. Chumba cha mita 4 kwa 4, jamvi la sentimita 10, kinakula karibu mifuko 10 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Zungusha tuta dogo la mchanga pembeni, ujaze maji kina cha sentimita 2: ni lita 320, pipa moja na nusu na kidogo. Kama hayo nayo ni mengi, tandaza magunia yaliyolowa, funika na nailoni, kandamiza kingo kwa tofali. Siku 7, usiku na mchana. Kumwagia asubuhi na jioni tu bila kufunika hakutoshi. Ikifika saa tano jamvi limeshakuwa jeupe.