Si lazima ununue kamera maalum kupiga picha nyeusi na nyeupe

Kuna hii dhana naisikia kila siku, eti ukitaka picha nyeusi na nyeupe za maana lazima uwe na kamera isiyoona rangi kabisa kama ile Leica M Monochrom ya mwaka 2012, jamani hapana. Ni kweli sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, haina zile filta ndogo za nyekundu, kijani na bluu juu ya pikseli, kwa hiyo inapata mwanga mwingi zaidi na picha inatoka kali sana, hilo sibishi. Ila kuna kitu unakipoteza.

Chukua mama kavaa kanga nyekundu kasimama mbele ya mgomba. Rangi zikiondoka, nyekundu na kijani mara nyingi zinageuka kijivu kilekile, kanga inamezwa na majani. Ukiwa na kamera ya kawaida na umepiga RAW, yaani faili ghafi linalohifadhi data zote za sensa, unaingia kwenye programu ya kuhariri picha unapandisha nyekundu, unashusha kijani, kanga inang'aa. Ile ya Leica ulitakiwa ufunge filta nyekundu kwenye lenzi kabla hujabonyeza, ukisahau ndo basi, rangi haikurekodiwa.

Na lenzi nako usihangaike sana, lenzi za zamani zinazoacha ukingo wa zambarau kwenye matawi, ukitoa rangi ule uzambarau hauonekani tena, unabaki ukungu kidogo tu pembeni. Mimi hela hiyo ningenunua lenzi ya 50mm f/1.8, yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga, iliyotumika pia poa tu, nikaanze kufukuzia mwanga wa asubuhi.