Namba ya Grisi: Maana Yake kwa Mwenye Racheti

Namba ya grisi ni kipimo cha uzito wake, yaani kiasi cha kushikamana au kulainika kwake, wala si kipimo cha ubora. Namba hizo huanzia 000, ambayo hutiririka karibu kama mafuta, hadi 6, ambayo ni ngumu sana. Ziliwekwa na NLGI, taasisi ya grisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1933, na ndiyo maana herufi hizo huonekana kwenye mikebe mingi inayouzwa katika maduka ya vipuri Nakuru na Kisumu. Ili kuipata namba, koni ya chuma huachiliwa izame kwa uzito wake ndani ya grisi iliyokwisha kukorogwa, yenye joto la nyuzi 25, kwa muda wa sekunde 5, kisha kina ilichozama hupimwa. Katika grisi namba 2 koni huzama milimita 26.5 hadi 29.5, na katika namba 00 huzama milimita 40 hadi 43. Ya kwanza hukaa ulipoipaka kama siagi ya karanga. Ya pili hushuka polepole kama uji.

Tofauti hiyo ina maana kubwa ndani ya kichwa cha racheti (spana inayokaza nati kwa kuvutwa na kurudishwa bila kuondolewa), ambamo mna gia ndogo yenye meno, kipande cha chuma nitakachokiita ulimi, na springi nyembamba inayousukuma ulimi huo. Ukivuta mpini kwa upande wa kazi, ulimi hushika jino na nguvu yote ya mkono hufika kwenye nati. Ukiurudisha, ulimi huruka jino baada ya jino, na huo ndio mlio tunaousikia. Racheti yenye meno 72 husonga digrii 5 tu kwa kila jino, jambo linalomfaa sana fundi anayefungua nati iliyojificha nyuma ya injini, lakini meno yake ni mafupi na ulimi hauna budi kufika hadi chini kabisa kati ya meno mawili. Kinachoufikisha huko ni ile springi peke yake. Grisi nzito ikijaa hapo, springi hushindwa kuisukuma, ulimi hushika ncha tu ya jino, na mkono ukikaza, racheti huteleza.

Nililijua hili asubuhi moja ya Julai, mjini Nakuru, baada ya kuijaza racheti yangu grisi namba 2, ile ya beringi za magurudumu, nikidhani kwamba kingi ndicho kizuri. Baridi huizidisha grisi ugumu. Mlio ulikuwa umefifia, nami sikuutilia maanani. Nilipokaza nati ya tatu, racheti iliachia na vifundo vya vidole vyangu vikachunika kwenye chuma. Nilipofungua kichwa nilikuta grisi imeganda kati ya meno kama ugali wa jana.

Kwa hiyo, kwa racheti yenye meno mengi, ninapendekeza grisi namba 0 au 00 kwa utando mwembamba, na kama haipatikani, matone mawili ya mafuta ya cherehani, ambayo ni mepesi na hupatikana kwa urahisi. Mafuta huisha upesi kuliko grisi, hivyo yarudiwe mara kwa mara. Racheti ya meno 24, yenye meno marefu na springi imara, huivumilia grisi namba 2 ikipakwa kidogo tu. Dawa ya kupuliza ya WD-40 inafaa kulegeza uchafu na kufukuza maji, lakini sehemu yake kubwa huvukiza, kwa hiyo isiachwe iwe ndiyo kilainishi pekee. Oili chafu ya injini ina masizi na chembe za chuma zinazosaga meno, na mafuta ya kupikia hugeuka gundi yakikaa.

Karibu na ziwa, kule Kisumu, unyevu huleta kutu upesi, na hapo fundi afungue kichwa, akisafishe kwa mafuta ya taa, akikaushe kabisa kwa kitambaa, ndipo apake. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza ni kitu kingine: kichwa chake cha racheti hulainishwa vivyo hivyo, lakini mafuta yasimiminwe ndani ya mpini wenye kipimo, kwa kuwa yanaweza kukivuruga. Ukishapaka, zungusha kichwa kwa vidole viwili karibu na sikio. Kila jino lisikike peke yake, kwa mlio mkavu. Mlio ukiwa mzito au ukikosekana mahali, futa grisi na upunguze.