Nyumba ya zamani ya shamba: isome kabla hujaipiga lipu

Kisheria, nyumba ya mlowezi iliyojengwa Iringa au Mufindi mwaka 1910 haina ulinzi wa moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji Waziri alitangaze. Kwa hiyo nyingi ya nyumba hizi zinaishi au kufa kwa uamuzi wa mwenye shamba na fundi wake, na ndiyo maana nawaandikia hao wawili.

Watu wakisikia “urithi” hutazama baraza pana, dohani na vioo vidogo vya madirisha. Mimi naanza na ukuta. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma 1914, lakini nyanda hizi hazikuona treni hadi TAZARA ilipojengwa miaka ya 1970. Bati, misumari na vioo vilisafiri mbali kwa barabara, na bei yake ilikuwa ya safari hiyo. Vingine vyote vilitoka papo hapo: udongo ulichimbwa jirani, tofali likafyatuliwa na kuchomwa kwa kuni, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wenyeji ambao majina yao hayamo kwenye hati yoyote ya shamba. Alama za vidole vyao mara nyingine bado zimo kwenye tofali. Tafuta shimo la udongo na mabaki ya tanuru, kisha yaweke kwenye ramani pamoja na jiko la nje, stoo na nyumba za watumishi. Nyumba kuu ikibaki peke yake, nusu ya habari imekwenda.

Kukadiria umri, pima matofali kumi, si moja, maana tofali la kuchoma kienyeji hutofautiana. Kipimo rasmi cha Kijerumani kilikuwa sm 25 × 12 × 6.5, na ukuta wa tofali moja na nusu (urefu wa tofali moja na upana wa nyingine) hutoa unene wa karibu sm 38. Cha Kiingereza ni inchi 9 × 4½ × 3, na ukuta wa aina hiyo ni karibu sm 34. Hii ni dalili tu. Kalibu (umbo la kufyatulia tofali) ya zamani iliweza kutumika miaka mingi, na Wajerumani walioruhusiwa kurudi Tanganyika kuanzia 1925 walijenga tena. Linganisha na kenchi, bawaba na mihuri ya kiwanda kwenye bati. Usiondoe bati kuukuu kabla hujalipiga picha upande wa chini, ukiweka rula kando.

Sasa saruji. Kuta nyingi za aina hii zimejengwa kwa mota ya udongo na kupakwa chokaa, bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, na ukuta umekuwa ukiyatoa kupitia ngozi yake. Ukiupiga lipu ya saruji, njia hiyo inazibwa: maji hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na tofali laini huanza kumumunyika likiwa limefichwa. Ukuta wa udongo pia hucheza kidogo kati ya masika na kiangazi. Saruji haichezi, kwa hiyo hupasuka. Mvua inaingia kwenye ufa na haipati pa kutokea. Gonga kwa kipini cha nyundo: pakilia kama debe tupu, lipu imeachia. Hapo bandua. Iliposhika kabisa iache, kwa sababu patasi itaondoka na uso wa tofali, yaani sehemu ngumu iliyoiva vizuri. Uharibifu huo haurudishwi.

Kabla ya lipu yoyote, shughulikia maji. Udongo wa nje uwe angalau sm 15 chini ya sakafu. Bustani za maua zilizoinuliwa miaka hadi miaka ndizo chanzo cha malalamiko mengi ya unyevu, na kuzishusha ni kazi ya jembe tu. Rekebisha mifereji ya paa, halafu acha ukuta ukauke kiangazi kizima, Juni hadi Oktoba. Najua hakuna mteja anayependa kusikia hivyo.

Viungio vilivyolika vikwanguliwe kina cha sm 2 hadi 2.5, vinyunyiziwe maji, vijazwe mota dhaifu kuliko tofali. Kwa lipu, changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga mkali uliooshwa, si ule mwekundu wenye udongo. Chokaa ya mfuko iloweke usiku mzima iwe uji mzito. Ukipata chokaa hai (ambayo bado haijazimwa kwa maji), tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, na vaa miwani: inachemka na kuruka. Iache wiki kadhaa kabla ya kuitumia. Kila tabaka lisizidi mm 10, lifunikwe kwa magunia mabichi siku za mwanzo. Upepo mkavu ukilikausha haraka, litabaki unga, na fundi atailaumu chokaa.

Mchwa hupenda mota ya udongo. Angalia vichwa vya kenchi vinapokaa ukutani, kwa sababu huko hula mbao kutoka ndani na nje huoni kitu. Choma kwa bisibisi. Kipande kilichooza kikatwe na kuungwa mbao ya aina ileile. Kung'oa kenchi nzima na kuweka paini mpya ni rahisi zaidi, lakini alama za msumeno na viungio vya seremala wa kwanza vinatupwa pamoja nayo.

Milingoti (mikaratusi) iliyo karibu na nyumba ikatwe kwa awamu. Ikikatwa yote mara moja kwenye udongo wa mfinyanzi, ardhi iliyozoea kunyonywa maji huvimba, na msingi mfupi wa enzi hizo hupasuka.