Swali linalokaza, swali linalolegeza

Kazi yangu ni kuwafundisha wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii namna ya kuongea na wazazi wanaokataa chanjo. Karibu kila semina kuna anayeuliza: nikimhoji mtu juu ya anachokiamini, atabadilika? Jibu langu huwaudhi wanaotaka ndiyo au hapana. Kumhoji kunaweza kumpunguzia uhakika, lakini kumtoa kwenye msimamo wake ni kazi nyingine.

Chukua chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018. Mama anasema, "Hiyo sindano inawafunga watoto kizazi." Muuguzi aliyechoka anamrukia: "Nani kakwambia? Kwa nini unaamini maneno ya mitaani?" Hapo mama keshapandishwa kizimbani. Ukimdai sababu atakupa, anazo tele, na kila anayoitaja inampa nguvu ya kutaja nyingine.

Muuguzi mwingine nilimsikia akienda hivi:

"Mama, kwa moja mpaka kumi, una uhakika kiasi gani kwamba inafunga kizazi?"

"Saba."

"Mbona si kumi?"

"Aa, mtoto wa dada yangu alichomwa shuleni, na sasa hivi ananyonyesha."

"Na hiyo sindano, unavyoelewa wewe, inafungaje huko ndani?"

Mama akacheka kidogo. "Hapo ndo sijui. Mimi nasikia tu."

Swali hilo la mwisho limechunguzwa sana. Mwaka 2013 Philip Fernbach na wenzake huko Marekani waliwataka watu waeleze, hatua kwa hatua, jinsi sera wanazozishabikia au kuzipinga zinavyofanya kazi. Wengi waligundua wanajua kidogo kuliko walivyodhani, na misimamo yao ikapoa. Walioombwa kutaja sababu tu hawakupoa. Nilipenda sana matokeo hayo, na wakufunzi wengi bado wanayahubiri kama yalivyo. Ila watafiti waliorudia jaribio hilo, wakachapisha mwaka 2021, walikuta nusu ya habari tu: watu walikiri kweli kwamba hawaelewi vizuri, lakini misimamo haikusogea.

Mimi sishangai. Mtu anaweza kukiri hajui inavyofunga na bado akamzuia binti yake, kwa sababu kinachomshika ni hofu ya mzazi, na maelezo ya kibaiolojia alikuwa hana tangu mwanzo.

Kinachosogeza msimamo kilionekana Miami, Marekani. Watafiti David Broockman na Joshua Kalla walichapisha mwaka 2016 utafiti wa wahamasishaji waliobisha hodi nyumba hadi nyumba kuzungumzia chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia. Mazungumzo yalichukua kama dakika 10, na mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana miezi 3 baadaye. Hawakubishana. Walimuuliza mwenye nyumba kama amewahi kuhukumiwa kwa sababu ya kuonekana tofauti, wakamwacha asimulie, nao wakasimulia yao. Katika majaribio yao ya baadaye, sehemu ya kusimuliana ilipoondolewa, athari nayo haikuonekana.

Kwa hiyo muuguzi yule hakuishia kwenye "inafungaje". Alimuuliza mama anaogopa nini hasa kwa binti yake, akanyamaza. Kumbe kuna shangazi aliyeachwa kwa kukosa mtoto. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na chanjo haikutajwa kwa muda mrefu. Siku hiyo mama hakukubali. Aliomba kwanza aongee na baba watoto, nasi kwetu hayo ni maendeleo.

Wapo wanaojifunza maswali haya ili wamtege mtu, wamwaibishe mbele za watu. Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwahoji watu hadharani kwenye mitaa ya Athens, vijana wakifurahia kuona wakubwa wakiumbuka, na sijui kama wakubwa hao walibadilika au waliongeza maadui wake tu. Ndiyo maana kwenye grupu la WhatsApp la wazazi siulizi chochote. Mtu akirusha uvumi pale, namfuata pembeni, namsalimia, namuuliza watoto hawajambo, halafu naomba anieleze alivyosikia.