Kutunza helisi ya boti Ziwa Kivu: ushauri wa bahari haufai wote hapa

Rangi na dawa za kuzuia viumbe wa majini wasigande kwenye boti hutengenezwa kwanza kwa ajili ya bahari, na maelezo yaliyobandikwa kwenye makopo yake ni ya bahari pia. Mwenye boti wa Goma, Minova au Bukavu akiyafuata neno kwa neno, anaweza kuiharibu helisi, yaani mabawa yanayozunguka majini na kuisukuma boti, haraka kuliko uchafu aliotaka kuuzuia. Hapa tunaeleza ni nini hasa hung'ang'ania helisi katika Ziwa Kivu na namna ya kukizuia, kwa moteri za nyuma zinazofungwa nje ya boti na kwa boti kubwa zenye moteri ndani na shafti ndefu.

Kinachoganda baharini na kinachoganda Kivu

Baharini, iwe Mombasa, Dar es Salaam au huku kwetu Banana kwenye mdomo wa mto Congo, adui mkubwa ni viumbe wadogo wenye magamba ya chokaa. Wakiwa wachanga huelea majini wakitafuta kitu kilichotulia, kisha hujibandika kwa gundi yao wenyewe na kuanza kujenga gamba. Katika maji ya joto kazi hiyo huchukua siku chache tu. Ndiyo maana mabaharia wa pwani walikuwa wakipandisha majahazi ufukweni na kuyapaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na ndiyo maana rangi za leo hutiwa shaba: kuwaua wachanga hao kabla hawajakaa.

Ziwa Kivu halina viumbe hao. Maji yake ni baridi, kwa maana ya kutokuwa na chumvi ya bahari, lakini si sawa na maji ya mvua. Chemchemi za chini, katika nchi hii ya volkano, huyatia madini mengi, karibu gramu 1 katika kila lita, na pH ya maji ya juu, kipimo cha uasidi na ualkali, hukaa karibu na 9. Joto lake ni nyuzi 23 hadi 24 mwaka mzima. Helisi ikitulia humo, kwanza hufunikwa na utando mwembamba wa bakteria. Siku chache baadaye mwani hushika juu ya utando huo, ukawa utelezi wa kijani au wa kahawia. Mwani unapotumia jua hunyonya hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini, na hapo chokaa iliyokuwa imeyeyuka hujitenga na kuganda. Ganda jeupe unaloliona kwenye mawe ya ufukoni ni kazi hiyo hiyo.

Utelezi peke yake hufutika kwa kitambaa. Ukiachwa mpaka chokaa ikaganda ndani yake, hautoki ila kwa kazi, na kazi hiyo ndiyo huacha mikwaruzo inayovuta uchafu mwingine. Angalieni zaidi kiangazi, Juni hadi Septemba: upepo huyachanganya maji, chakula cha mwani hupanda kutoka chini, na mwani huongezeka.

Kwa nini utando mwembamba hula esansi nyingi

Chukua helisi ya inchi 11 kwenye moteri ya nyuma inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, ambayo gia yake hupunguza mizunguko kwa nusu. Ncha ya bawa hukata maji kwa kasi ya karibu mita 36 kwa sekunde, yaani kilomita 130 kwa saa, hata kama boti yenyewe inakwenda 30. Kwa kasi hiyo, ukwaruzo unaosikika kwa ukucha tu tayari ni mzigo. Theluthi ya nje ya bawa ndiyo inayofanya kazi kubwa, pamoja na ukingo wa mbele unaopasua maji. Mtu mwenye haraka asafishe hapo kwanza, kitovu kinaweza kungoja.

Kwetu kuna jambo lingine ambalo vitabu vya moteri hulitaja kwa mstari mmoja tu. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa takriban asilimia 3 kila mita 300, kwa hiyo hapa hukosa karibu asilimia 14 kabla hujapakia hata gunia moja. Isitoshe, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, mapovu ya mvuke huanza mapema nyuma ya bawa lenye ukwaruzo. Mapovu hayo yanapopasuka hudonoa chuma. Vishimo vidogo vilivyokusanyika pamoja mgongoni mwa bawa, karibu na ncha, ni alama yake. Moteri iliyokwisha kupungukiwa nguvu haina akiba ya kubeba helisi chafu. Hata helisi safi iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani mara nyingi huwa nzito mno hapa; kupunguza inchi 1 ya mwendo wa helisi (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), ile namba ya pili iliyopigwa muhuri kwenye kitovu, hurudisha mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika.

Jua hali ya kawaida kabla ya kulaumu

Baada ya kusafisha, toka asubuhi ziwa likiwa shwari, na mzigo wa kila siku. Fungua esansi yote kwa dakika mbili, andika mizunguko ya moteri na kasi inayoonyeshwa na simu. Daftari moja linatosha. Mizunguko ikipungua kwa 200 au zaidi kwa mzigo uleule, moteri inalemewa: tazama helisi, kisha chini ya boti. Moshi mweusi kwenye moteri ya mazutu una maana hiyo hiyo. Lakini mizunguko ikipanda huku boti haiendi, usihangaike na mwani: mara nyingi mpira wa ndani ya kitovu umeachia na helisi inateleza juu ya shafti yake. Mtetemo uliotokea ghafla ni bawa lililopinda au kitu kilichojifunga. Mtetemo unaokuja polepole wiki baada ya wiki ndio wa chokaa iliyoganda upande mmoja.

Tazama pia maji ya kupozea. Moteri ikianza kukojoa kamshipa kembamba, vichujio vya maji kwenye mguu wake, ile sehemu ya chini inayozama majini, vimezibwa na mwani uleule ulio kwenye helisi. Visafishwe siku hiyo hiyo.

Kuzuia kusikogharimu

Kwa moteri ya nyuma, kinga iliyo bora kuliko rangi yoyote ni kuinua mguu wake utoke majini kila jioni. Utando haukui hewani. Hakikisha helisi yote imetoka: mabawa yakibaki nusu majini, mstari wa chokaa huganda pale pale maji yanapogusa, na upande mmoja huwa mzito.

Boti yenye shafti haiwezi kuinuliwa kila jioni. Hiyo itembezwe walau mara moja kwa wiki, gia ikiwa ndani, si moteri kuunguruma bure bandarini. Ikiwa italala zaidi ya wiki mbili, mwani unyimwe jua: funga helisi kwa turubai nene nyeusi lenye kamba, au egesha mahali penye kivuli na kina. Turubai hufanya kazi vizuri katika maji baridi kwa sababu adui wetu anaishi kwa mwanga. Hatari yake ni kusahau. Atakayelifunga aning'inize kitambaa chekundu kwenye ufunguo wa moteri, na ufunguo ukae kwake.

Kusafisha

Kwanza toa kamba ya kuzimia moteri, chomoa waya wa plagi au ncha hasi ya betri, weka gia katikati. Kwenye boti kubwa, anayesafisha ndiye anayekaa na ufunguo mfukoni. Helisi imekata vidole vya watu waliodhani moteri imezimwa.

Sugua helisi ingali na maji. Mwani ukikauka juani kwa saa moja hushika kama gundi. Tumia brashi ngumu ya plastiki na kipande cha mbao au plastiki chenye ukingo, kamwe si bisibisi wala kisu. Penye chokaa, lowesha kitambaa kwa siki nyeupe, kizungushe kwenye bawa, ukiache dakika 15 hadi 30, kisha sugua. Gramu 50 za unga wa asidi ya limau katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu hufanya kazi hiyo hiyo. Rudia mara mbili kuliko kuacha usiku kucha, na suuza kwa maji mengi. Maji ya betri na asidi ya kusafishia vyoo yasiguse helisi: alumini huanza kutoa mapovu papo hapo, na kila povu ni chuma kinachoondoka.

Helisi ya shaba nyeusi (bronzi) au shaba ya njano inaweza kung'arishwa baada ya hapo kwa msasa wa maji namba 320, halafu 400, halafu 600, ukienda kutoka kitovuni kuelekea nchani. Diski ya umeme huondoa unene bila usawa, na helisi isiyo na usawa hula beringi za shafti. Ukiona madoa ya rangi ya waridi kwenye shaba ya njano, simama: zinki imeliwa na kutoka, iliyobaki ni shaba laini yenye matundu, na bawa linaweza kuvunjika. Hiyo si ya kung'arishwa, ni ya kubadilishwa.

Alumini ni habari nyingine, na hapa ndipo maji ya Kivu yanapotofautiana na maziwa mengi. Alumini hujilinda kwa ngozi nyembamba ambayo hudumu maji yakiwa na pH ya takribani 4 hadi 8.5. Kivu imepita hapo. Kwa hiyo rangi ya kiwandani iliyo juu ya helisi ya alumini ndiyo ngao yake, na usiipige msasa mpaka chuma kionekane. Pale ilipochubuka kwa mawe, lainisha mahali hapo tu kwa namba 320, futa kwa spiriti, paka rangi ya msingi ya epoksi inayofaa alumini, kisha rangi ya juu mara mbili, na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Anodi na rangi

Kipande cha chuma laini kilichofungwa chini ya bati la juu ya helisi ni anodi: chenyewe huliwa ili helisi na mguu visiliwe. Zinki ni ya bahari. Katika maji baridi hujifunika ganda jeupe na kulala. Mwenye boti huiona nzima mwaka mzima na kufurahi, kumbe haifanyi kazi. Magnesiamu ndiyo inayopendekezwa kwa maji baridi, lakini kwa Kivu, ambako maji yana madini na boti nyingi ni za mbao, sisi tunapendelea ya alumini. Magnesiamu ina nguvu mno: kwenye boti ya mbao hutengeneza alkali kuzunguka misumari na shafti, na mbao hugeuka nyuzi. Anodi isipakwe rangi kamwe. Ibadilishe ikiliwa nusu, na ukwangue chuma kinachoigusa ili umeme upite. Kipimo cha umeme kati yake na helisi kisizidi omu 1.

Rangi yenye shaba isipakwe kwenye mguu wala helisi ya alumini. Shaba na alumini vikikutana majini, alumini ndiyo huliwa. Kwenye helisi ya shaba haidhuru, ila kwa kasi tuliyoitaja hapo juu hubanduka upesi. Zipo pia rangi laini za silikoni zisizo na sumu, ambazo hufanya uchafu uteleze boti ikitembea. Kwa boti yenye shafti inayopandishwa nchi kavu mara moja kwa mwaka zina faida, mradi helisi ipigwe msasa namba 80, ifutwe mafuta yote, na tabaka zifuatane bila kuchelewa. Kwa moteri inayoinuliwa kila jioni ni fedha ya bure. Rangi za zamani zenye sumu ya bati la kikaboni (TBT) zimepigwa marufuku duniani kwa mkataba uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2008, kwa sababu ziliharibu uzazi wa konokono wa majini. Kopo kuukuu lisilo na maelezo lisinunuliwe.

Nailoni kabla ya mwani

Tukipima kwa gharama, kinachoharibu helisi nyingi Kivu ni vipande vya nyavu za kuvulia sambaza (samaki wadogo), mifuko na chupa zinazoshushwa na mvua kutoka mjini, hasa ghuba ya Bukavu kuelekea Ruzizi. Uzi mwembamba hupita nyuma ya helisi, hujizungusha kwenye shafti, hupata moto na kukata sili. Maji huingia kwenye gia. Kila mwezi toa nati, vuta helisi, tazama nyuma ya rondela, toa nyuzi zote. Paka meno ya shafti grisi isiyoondolewa na maji, rudisha rondela kwa mpangilio uleule, na uweke pini mpya ya nati, si ile iliyonyooshwa. Legeza skrubu ya chini ya mafuta ya gia yatoke matone machache: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili imekwisha. Yabadilishwe kila saa 100 za kazi hata yakiwa safi.

Kazi ya kukwangua ifanyike juu ya turubai, mbali na mahali watu wanapochota maji kwa bidoni. Vumbi la rangi likusanywe likiwa na unyevu, litiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Lisichomwe, wala lisirudishwe ziwani.