Je, wajua kwa nini poti uliyoifunga kwa ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, hubaki wazi ukisakinisha Docker, programu ya kuendesha makontena?

Umekodi seva ya Ubuntu 24.04 kwenye wingu, ukawasha ufw na kuruhusu SSH pekee, yaani njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali (poti 22). Baadaye ukasakinisha Docker, ukawasha hifadhidata ya PostgreSQL kwa `docker run` yenye `-p 5432:5432` (poti ya seva, kisha ya kontena). Ukiandika `sudo ufw status` unaonyeshwa poti 22 tu. Hata hivyo, mtu aliye popote duniani akiigonga 5432 anajibiwa. Ufw haijaharibika, na Docker nayo inafanya kazi kama ilivyoundwa. Nyaraka za Docker zenyewe zinaonya kwamba programu hizi mbili haziendani.

Chanzo ni njia inayopitwa na paketi, yaani vipande vya data vya mtandao, ndani ya Linux. Ufw huweka kanuni zake za kuzuia wageni kwenye mnyororo (orodha ya kanuni) wa INPUT, ambao hukagua paketi zinazoishia kwenye seva yenyewe. Kontena, yaani programu iliyotengwa na nyingine ndani ya seva, lina anwani yake, kwa kawaida ndani ya 172.17.0.0/16. Unapotumia `-p`, Docker huandika kanuni kwenye jedwali la nat, linalobadilisha anwani za paketi, na jedwali hilo husomwa kabla kiini cha Linux hakijaamua paketi iende wapi. Anwani ya mwisho inabadilishwa hapo hapo: paketi iliyokuja kwa IP ya seva sasa inaelekea kwenye kontena. Kwa hiyo inapitia mnyororo wa FORWARD, na INPUT haiioni kabisa. Kanuni ya `ufw deny 5432` ipo, ila hakuna paketi inayoifikia.

Jionee mwenyewe kwa iptables, amri ya kusoma na kuandika kanuni hizi: `sudo iptables -t nat -L DOCKER -n`. Utakuta mstari unaoishia na `tcp dpt:5432 to:172.17.0.2:5432`. Kila mstari wa namna hiyo ni poti iliyofunguliwa bila ufw kuulizwa.

Dawa bora ni kutofungua poti kabisa. Programu yako na hifadhidata zikiwa kwenye faili moja la `compose.yaml`, linaloorodhesha makontena ya kuendeshwa pamoja, huitana kwa jina la huduma kupitia mtandao wao wa ndani, na hifadhidata haihitaji sehemu ya `ports` hata kidogo. Ni ajabu jinsi mstari huo unavyonakiliwa kutoka faili hadi faili wakati hakuna anayeuhitaji.

Kama unataka kuifikia kutoka kwenye seva yenyewe, au kwa kompyuta yako kupitia handaki la SSH, andika `127.0.0.1:5432:5432`. Usipotaja anwani, Docker huchukua 0.0.0.0, yaani kila anwani ya mtandao iliyo kwenye mashine. Kontena linaloendelea kufanya kazi halibadilishwi poti. Lazima liundwe upya. `docker compose up -d` hufanya hivyo baada ya kuhariri faili, lakini kwanza hakikisha data ziko kwenye volyumu yenye jina, hifadhi inayobaki hata kontena likifutwa.

Ikibidi poti iwe wazi kwa IP moja tu, kanuni yako iweke kwenye mnyororo wa DOCKER-USER, ambao husomwa kabla ya kanuni za Docker (203.0.113.7 ni mfano wa IP unayoiruhusu):

`sudo iptables -I DOCKER-USER -i eth0 -p tcp ! -s 203.0.113.7 -m conntrack --ctorigdstport 5432 --ctdir ORIGINAL -j DROP`

Wengi hukwama hapa kwa kutumia `--dport`. Paketi ikifika DOCKER-USER imeshabadilishwa, hivyo `--dport` huona poti ya kontena. Ukiwa na `-p 8080:80`, kanuni ya 8080 haitashika kitu. Ndiyo maana tunatumia `--ctorigdstport`, inayotazama poti ya awali kabla ya kubadilishwa. Jina la `eth0`, kiungo cha seva na mtandao, nalo hutofautiana, kwa hiyo litazame kwenye mstari wa `default` wa `ip route`. Kanuni hii hupotea seva ikiwashwa upya, basi iandike pia kwenye `/etc/ufw/after.rules`, kabla ya `COMMIT`, bila `sudo iptables` na kwa `-A` badala ya `-I`, juu yake ukiweka mstari `:DOCKER-USER - [0:0]`.

Usidanganyike kuweka `"iptables": false` kwenye `/etc/docker/daemon.json`. Poti zitafungika kweli, ila makontena yatashindwa kutoka kwenda intaneti, na utabaki unatafuta kwa nini `apt update` inagoma ndani yake.

Ukuta wa moto wa kampuni ya wingu uko nje ya mashine, kwa hiyo Docker haiwezi kuugusa. Kwenye AWS, kundi jipya la usalama hukataa kila kinachoingia mpaka ukiruhusu. Kampuni nyingine huacha kila kitu wazi hadi uweke ukuta mwenyewe, na huko ndiko tatizo hili huuma zaidi. Uweke kabla ya kusakinisha Docker.

Jaribio lifanyike kutoka nje, kwa sababu seva ikijipigia yenyewe jibu halithibitishi lolote. Kwenye kompyuta yako andika `nc -zv` ikifuatiwa na IP ya seva na 5432. Ukiona `succeeded`, poti bado iko wazi. Ukishaifunga kwa 127.0.0.1, amri itasubiri hadi muda uishe: paketi sasa inaishia kwenye seva, inapita INPUT, na ufw inaitupa.